Zamu, Stika na Vita vya Mbali: Kisa cha Kijiwe Kimoja cha Bodaboda Tanga

Kisa hiki ni cha Desemba 2023, mtaa mmoja wa mjini Tanga. Majina ya watu nimeyaondoa, mtaa siutaji, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha. Nilikuwa mwandishi wa vikao vya usuluhishi, kwa hiyo mengi niliyaona na machache niliambiwa na waliokuwepo. Nimeandika kwa ajili ya viongozi wa mitaa, walimu wa madrasa, wainjilisti na yeyote ambaye kesho ataitwa kwenye ugomvi unaobeba jina la dini.

Mtaa na watu wake

Mchanganyiko wake ni ule ambao mtu wa Tanga hashangai kuuona: Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, na wajukuu wa watu waliokuja kukata mkonge au kupakia meli wakabaki. Kwenye ukoo mmoja wa Kibondei utamkuta Juma na Yohana, ndugu wa baba mmoja. Msiba ukitokea turubai ni lilelile, masufuria ni yaleyale, na mchango unaandikwa kwenye daftari moja.

Msikiti na kanisa vimetenganishwa na nyumba chache. Katikati, chini ya mwarobaini, pana kijiwe cha bodaboda chenye vijana kama ishirini, na pembeni yake mama mmoja anauza vitumbua asubuhi na mihogo jioni. Wengi wa vijana hao wanaendesha pikipiki za mkataba. Wanampelekea tajiri hesabu kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, mpaka mkataba uishe na chombo kiwe chao.

Vita vilivyofika kijiweni

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia kusini mwa Israeli, wakaua watu karibu 1,200 na kuchukua mateka. Israeli ikajibu kwa vita Gaza, na kufika katikati ya Desemba Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 18,000, wengi wao wanawake na watoto. Simu za kijiweni zilijaa picha za watoto wanaofukuliwa kwenye vifusi.

Kwa Watanzania palikuwa na jeraha jingine. Vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walipotea siku ileile ya shambulio. Kifo cha mmoja serikali ilikithibitisha Novemba. Wa pili, wakati kisa hiki kinaanza, hakuna aliyejua yuko wapi, na kanisani alikuwa akiombewa kila Jumapili kama mtoto wa mtaa.

Kuhusu stika: bendera ya Israeli kwenye pikipiki na daladala zetu ilikuwepo miaka mingi kabla ya vita hivi. Mkristo anayeibandika mara nyingi anaiwaza Yerusalemu ya kwenye Biblia, anawaza baraka. Baada ya Oktoba, Muislamu aliyeiona bendera ileile aliona ndege za vita. Baadhi ya vijana wakabandika ya Palestina. Wiki saba bendera hizo zilikaa chini ya mwarobaini mmoja bila neno. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye watu walisema ugomvi ulikuwa lazima utokee. Haukuwa lazima.

Jumapili jioni

Mama mmoja alitoka ibadani akataka bodaboda. Zamu ilikuwa ya kijana mwenye bendera ya Palestina. Kuanzia hapa namwita mwenye zamu. Mama akampita, akapanda kwa kijana wa kanisani kwake aliyebandika bendera ya Israeli, huyu namwita mwenye stika. Abiria ana haki ya kuchagua, lakini kijiweni zamu ni chakula. Mwenye stika alikubali abiria, akampeleka, akarudi.

Aliporudi wakabishana juu ya zamu. Ubishi wa zamu ulikuwa na umri wa miezi, maana hapakuwa na utaratibu ulioandikwa na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa akitangulia. Kisha mmoja akasema, "Nyie mnapendelewa na wenzenu kama kule." Neno "kule" ndilo lililobadilisha kila kitu. Mwenye zamu akaibandua ile stika, akaichana. Mwenye stika akamsukuma mwenye zamu, naye akaangukia jiwe la mwarobaini, akapasuka juu ya jicho. Wenzake mwenye zamu, wanne watano, wakamvamia mwenye stika, wakampiga, wakavunja taa ya mbele na kioo cha pikipiki ya mkataba.

Yote hayo hayakufika dakika tano. Ndani ya nusu saa zilikuwa zinazunguka sauti mbili za kurekodi. Moja ilisema Biblia imechanwa mbele ya kanisa. Nyingine ilisema Muislamu amepasuliwa kichwa akitoka kuswali. Hakuna Biblia iliyochanwa, na hakuna aliyekuwa anatoka kuswali.

Uamuzi wa usiku ule

Aliyeamua wa kwanza hakuwa na cheo. Mama wa vitumbua aliacha karai la mafuta motoni kwa mwanawe, akaenda nyumbani kwa vijana wote wawili kuwaeleza wazazi alichokiona kwa macho yake, kabla sauti za simu hazijawafikia. Ndipo akampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Mwenyekiti aliwaita Shehe na Mchungaji na kumjulisha polisi kata. Wale wawili walikubaliana jambo ambalo hadi leo naliona ndilo lililotuokoa: watembee kwa miguu pamoja, wapite kijiweni waonekane, kisha kila mmoja aende kwa majeruhi wa upande wa pili. Mchungaji akaenda kumjulia hali aliyepasuka juu ya jicho. Shehe akaenda kwa aliyepigwa. Nilipomuuliza Shehe baadaye kwa nini hawakwenda wote nyumba zote, alinijibu: "Mgonjwa wangu akiniona mimi hajifunzi kitu. Amwone yule aliyeambiwa kwamba anamchukia."

Haraka yao ilikuwa na sababu. Wote wawili waliikumbuka Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, ambako ubishi wa watoto wawili kuhusu msahafu uliishia makanisa kuchomwa moto baada ya swala ya Ijumaa. Na Ijumaa yetu ilikuwa siku tano mbele.

Uamuzi wa pili ulikuwa na ubishi. Waliombwa polisi wasimkamate mtu usiku ule. Mtendaji wa mtaa alipinga wazi: mtu amepigwa, mali imevunjwa, hilo ni kosa la jinai, na kulipeleka kwenye mkeka wa wazee ni kumnyima haki aliyepigwa. Alishindwa kwa hoja kwamba kumkamata kijana mmoja wa upande mmoja kungeithibitisha sauti ya kurekodi ya upande wa pili. Nami niliunga mkono hoja hiyo. Nitairudia.

Maandamano na usiku wa maombi

Jumatatu tukagundua jambo zito zaidi. Vijana wa msikitini walikuwa wamepanga maandamano ya kupinga vita baada ya swala ya Ijumaa, na sasa njia waliyoichora ilipita mbele ya kanisa. Bango lao lilitaka kifo cha Israeli. Kanisani, vijana walikuwa wametangaza usiku wa kusimama na Israeli, kwa vipaza sauti, Ijumaa ileile.

Palikuwa na mzee katika kikao aliyetaka yote mawili yapigwe marufuku yaishe. Ni jibu linalokuja haraka kwa viongozi wetu, na linaitwa kulinda amani. Shehe alilikataa. Alisema vijana hawa wanaona watoto wanauawa na wanataka kusema. Wakifungwa mdomo barabarani watasema kijiweni, na kijiweni tumeshaona wanasemaje. Mchungaji akaongeza kwamba hata wake wakikatazwa kuomba, watajua wameshindwa na Waislamu, na hapo tena si maombi.

Basi kazi ikawa moja: pinga vita hadharani, bila kumfanya jirani yako kuwa jeshi la adui. Sheria nayo ilitupa nafasi ya kupumua. Anayetaka kuandamana anatakiwa kupeleka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, na vijana hawakuwa wamepeleka. Tukakubaliana kusogeza mbele wiki moja na kuandika taarifa ipasavyo.

Kikao cha msikitini

Tulikaa na kila upande peke yake kwanza, tukiamini kwamba mtu akiwa na wenzake tu atasema kilichomo moyoni. Walisema. Kijana mmoja alisimama akatamka maneno ya Mwalimu Nyerere ambayo kila Mtanzania anayajua: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Wenzake wakaitikia.

Mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Hakupandisha sauti. "Maneno hayo mimi niliyasikia redioni Novemba 1978. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikayafuata mpaka Uganda. Aliyeyasema, nchi yake ilikuwa imevamiwa. Wewe mwanangu umevamiwa na nani? Na yule mwenye pikipiki?"

Sitaki msomaji afikiri mzee huyu anapinga kila vita. Hadi leo anaamini ile ilikuwa ya haki, na anawataja wenzake waliobaki huko kwa majina. Alichokikataa ni vita vya kuazima. Akawakumbusha kwamba Tanga inavijua hivyo kuliko miji mingi. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa kikosi cha watu kama 8,000, wengi wakiwa askari kutoka India, kupigana na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000 lililokuwa na maaskari wengi Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Watu huwa wanakumbuka nyuki waliotimuliwa na risasi wakawashambulia askari. Mzee alikumbusha kitu kingine: Mhindi na Mwafrika waliuana kwenye minazi ya Tanga kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya, na wapagazi waliofia vita vile hakuna aliyeandika majina yao makaburini. Vijana wawili walikuwa wakipita karibu na makaburi ya vita kila siku na hawakujua ni ya nani.

Kisha likaja suala la bango. Walikataa kabisa kubadilisha neno. Shehe akawasomesha Hudaybiya, mkataba wa amani wa Mtume na Makureshi wa Makka, mwaka wa 6 Hijria. Makureshi walikataa mkataba uandikwe "Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu". Ali, binamu yake Mtume aliyekuwa akiandika, hakutaka kuyafuta maneno hayo. Mtume mwenyewe akayafuta, ikaandikwa "Muhammad mwana wa Abdullah". "Alifuta jambo la kweli," Shehe alisema, "ili damu isimwagike. Nyinyi mnashindwa kufuta tusi?" Pakawa kimya kirefu.

Kikao cha kanisani

Huku kazi ilikuwa ngumu kwa namna nyingine, kwa sababu hapakuwa na tusi la kufuta. Palikuwa na imani. Watu walioamini kwa dhati kwamba kuitilia shaka serikali ya Israeli ni kuitilia shaka Biblia.

Mchungaji alianza na Zaburi ya 122: utakieni Yerusalemu amani. Akauliza imeandikwa amani au ushindi. Akawaambia kwamba Gaza kuna Wakristo, na kwamba tarehe 19 Oktoba jengo lililo ndani ya kiwanja cha kanisa la Mtakatifu Porphyrius, moja ya makanisa ya kale mno duniani, lilipigwa watu wakiwa wamejihifadhi humo, wakafa. Akawaambia kwamba Bethlehemu penyewe, mwaka ule, wakuu wa makanisa walikuwa wameomba shamrashamra za Krismasi ziachwe kwa sababu ya vita. Wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za Bethlehemu hawakuwa wamesikia habari hiyo. Mmoja aliuliza, "Kwani Bethlehemu kuna Wapalestina?" Ndiyo, na wengine ni Walutheri kama yeye.

Mwalimu mmoja wa sekondari ndiye aliyetupatia daraja la maneno. Tarehe 12 Desemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwa kura 153: mapigano yasitishwe mara moja na mateka wote waachiwe bila masharti. Alilisoma kwa Kiswahili pande zote mbili, na kila upande ukakuta humo kilio chake. Bango likawa: VITA VISITISHWE. MATEKA WAACHIWE. WATOTO WAPATE CHAKULA. Kijana mmoja alishikilia kwamba yeye lazima aandike pia Palestina iwe huru. Tukakubaliana abebe bango lake mwenyewe, kwa kuwa ni dai la kisiasa lisilomtukana mtu.

Msiba katikati ya mazungumzo

Tukiwa tumefika hapo, serikali ikathibitisha kwamba yule kijana wa pili naye aliuawa siku ileile ya 7 Oktoba. Kanisani walilia. Kwaya ikajitoa kwenye mkusanyiko, na baba mmoja akatuambia hawezi kusimama na watu wanaoshangilia waliomuua.

Shehe hakuitisha kikao. Alivaa kanzu, akachukua wazee wanne, wakaenda uani kwa kanisa kutoa pole kama wanavyokwenda kwenye msiba wowote wa mtaa. Wakaletewa mkeka, wakakaa. Hakuna aliyetaja vita. Waliulizia wazazi wa marehemu, kama mwili utarudi, kama ana wadogo. Kwenye khutba ya Ijumaa iliyofuata Shehe alimtaja yule kijana kama mtoto wa Tanzania aliyekwenda kutafuta elimu akauawa bila kosa. Kutajwa kwake kwenye mimbari ndiko kulikoirudisha kwaya. Hilo waliniambia wenyewe.

Ijumaa ya mkusanyiko

Polisi walipokea taarifa, wakashauri watu wasitembee barabarani. Tukasimama kwenye uwanja wa mpira wa mtaa baada ya Alasiri, watu mia mbili na kitu kwa kukadiria. Shehe alisoma kisa cha wana wawili wa Adam katika Sura ya Al-Maida, pale mmoja anapomwambia ndugu yake kwamba hata ukininyooshea mkono kuniua, mimi sitakunyooshea wangu. Aliwaombea Watanzania wawili. Mchungaji aliwaombea watoto wa Gaza, na alilitamka neno Gaza waziwazi, jambo ambalo baadhi ya waumini wake walilinunia. Mtu mmoja akaanza kutukana kutoka pembeni. Vijana wa kijiwe wenyewe wakamsindikiza nje ya uwanja. Chini ya saa moja tukatawanyika. Usiku wa maombi ulifanyika pia, ndani ya kanisa, bila vipaza sauti vya nje.

Ugomvi mwingine wa bendera haukutokea. Kijiweni pakaanzishwa daftari la zamu, linashikwa na mama wa vitumbua. Bendera zote mbili bado zipo.

Uchambuzi

Ninaposoma upya maandishi yangu naona usuluhishi ulishika kwa sababu kila kiongozi aliwataja wafu wa upande wa pili kwa kinywa chake mwenyewe. Hotuba za "sisi sote ni ndugu" zilikuwepo vilevile, nilizinakili kurasa mbili, na hakuna aliyezikumbuka baada ya wiki. Kiongozi akiwaomboleza wake tu, hata kwa maneno mazuri, wasikilizaji wa upande wa pili wanahesabu. Wanasikia nani hakutajwa.

La pili ni kwamba hatukuzima kilio. Vijana walipata pa kusemea kwamba vita vile ni uovu, na walisema kwa nguvu zaidi kuliko walivyopanga, maana bango la kwanza lisingesomwa na mtu nje ya kundi lao.

Sasa tuliyoyakosea. Tulichelewa kuuona mzizi. Siku nane tulizungumza Gaza, Zaburi na Hudaybiya, na hakuna kati yetu wazee aliyeuliza habari za zamu. Mama wa vitumbua alizijua tangu mwanzo. Hatukumwita kikaoni mpaka wiki ya pili, na alipoitwa alisema sentensi mbili: vijana hawa hawana daftari, na kila siku jioni wanagombana. Wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wakikutana wiki zote hizo bila kukatika. Tulikuwa na daraja zima tukaenda kujenga jingine.

Msamaha nao uliombwa mahali pasipo pake. Mwenye zamu na wenzake walimwomba radhi mwenye stika mbele ya wazee, sebuleni kwa mwenyekiti, wamevua kofia. Lakini alipigwa kijiweni, mbele ya abiria na wenzake. Waliomwona akidhalilishwa hawakuona akiheshimiwa. Niliandika kikao kile kama mafanikio. Nilikosea. Zile sauti za kurekodi pia hazikusahihishwa. Waliozituma tuliwajua, na hatukuwataka watume nyingine ya kukanusha kwenye makundi yaleyale.

Na hoja ya mtendaji. Bado naamini kumkamata mtu usiku ule kungekuwa hatari. Lakini tulisema "si usiku huu", tukaacha iwe "kamwe". Vijana wanne walivunja mali ya mtu na hatukuwatoza hata shilingi, kwa kuogopa kutibua amani tuliyoipata. Gharama ya amani ile alibeba mtu mmoja.

Mwenye stika alikosa kazi siku sita, pikipiki ikiwa haina taa. Januari alihamia kijiwe cha mtaa mwingine. Taa, kioo na hesabu za siku zile alimlipa tajiri wake kwa mafungu hadi Machi. Mama wa vitumbua ndiye aliyenieleza, siku nilipokwenda kulitazama daftari la zamu nikakuta jina la kijana huyo bado limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, nafasi ya tatu.